Nusukipenyo cha Dunia Kipimwe Liuli

Mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania hupewa nusukipenyo cha dunia tayari: kilomita 6,400. Akizidisha kwa mbili anapata kipenyo. Akizidisha mraba wake kwa pai, kisha kwa nne, anapata eneo la uso. Jibu linatoka na alama zinatolewa. Hoja yangu ni kwamba mafunzo haya yanaanzia mwishoni. Katika tufe, kanuni ndiyo sehemu nyepesi. Kazi yenyewe ni kukipata nusukipenyo, hasa pale ambapo tufe halishikiki mkononi. Na kazi hiyo inawezekana kabisa Liuli, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa.

Liuli iko nyuzi 11 na dakika 5 kusini mwa ikweta. Kila mwaka, karibu na tarehe 22 Oktoba, jua hupita utosini pake, na mti uliosimikwa wima haubaki na kivuli. Hali hiyo hurudi karibu na tarehe 20 Februari, lakini huo ni msimu wa mvua na mawingu; Oktoba anga huwa jeupe zaidi. Saa ya kutazama si sita kamili. Saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, Liuli iko kwenye 34 na nusu na ushee, kwa hiyo siku hiyo jua hufika kileleni mnamo saa 6:26 mchana.

Singida iko karibu kabisa kwenye longitudo hiyohiyo, takribani kilomita 693 kaskazini. Wakati huohuo ufito wa mita moja uliosimamishwa kwa timazi Singida unatupa kivuli cha sentimita 11 kuelekea kaskazini. Sentimita 11 kwa mita moja ni pembe ya nyuzi 6.28. Pembe hiyo inaingia mara 57.3 katika nyuzi 360, basi mzingo wa dunia ni kama kilomita 39,700, nusukipenyo 6,320, kipenyo 12,640, na eneo la uso kilomita za mraba milioni 502. Eratosthenes alitumia njia hii kati ya Aswan na Alexandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Shule mbili, moja Liuli na moja Singida, zingehitaji fito, uzi wenye jiwe, rula na simu.

Faida kubwa iko katika makosa. Ncha ya kivuli haina ukingo mkali: jua lina upana wa nusu nyuzi, hivyo kivuli cha ufito wa mita moja huishia katika utando hafifu wa milimita 9 hivi, na mpimaji lazima aamue katikati yake ni wapi. Kurefusha ufito hakusaidii, maana utando nao unapanuka. Akikosea milimita moja, nusukipenyo kinapotoka kwa karibu asilimia 1, na eneo, kwa kuwa linafuata mraba, kwa karibu asilimia 2. Hapo ndipo mwanafunzi anapoona mraba ule unafanya nini. Hata 6,400 ya kitabuni, badala ya wastani wa 6,371, inaongeza kwenye uso wa dunia kilomita za mraba milioni 4.7, karibu mara tano ya Tanzania nzima. Sijaona darasa linaloambiwa hivyo.

Msomaji makini atauliza: hizo kilomita 693 zimetoka wapi, kama si kwenye ramani iliyochorwa na watu waliokwisha kujua ukubwa wa dunia? Swali ni la haki. Lakini umbali huo unaweza kupatikana kwa upimaji wa pembetatu, ambao msingi wake ni mstari uliopimwa ardhini. Mnyororo wa pembetatu za aina hiyo uliofuata longitudo ya nyuzi 30, kutoka Afrika Kusini hadi Misri, ulipita magharibi mwa Tanganyika na ukakamilika mwaka 1954.

Tena, 6,320 haitofautiani na 6,371 kwa sababu ya rula peke yake. Dunia imebonyea kwenye ncha zake, na karibu na ikweta mstari wa kaskazini-kusini umejipinda zaidi. Kati ya Liuli na Singida mpindo huo ni wa duara lenye nusukipenyo cha kilomita 6,337 hivi. Sehemu kubwa ya pengo, basi, ni umbo la dunia lenyewe.