Mazoezi ya Unasihi na Utarajali wa Unasihi: Jina Moja Halitoshi

Mwanafunzi wa uzamili katika fani ya unasihi hahitimu kwa kufaulu mitihani na kuandika tasnifu peke yake, bali hutakiwa pia kukaa na watu wenye shida halisi, kuwasikiliza, na kufanya hivyo chini ya jicho la mtu aliyemtangulia katika kazi hiyo. Kipindi hicho Kiingereza hukigawa katika hatua mbili zenye majina mawili, praktikamu na intanishipu, ilhali Kiswahili cha maofisini huzifunika zote mbili kwa jina la mafunzo kwa vitendo, na Kiswahili cha wanafunzi wenyewe huzifunika kwa neno fupi zaidi, fildi, ambalo humwenea sawasawa mwanafunzi wa unasihi, wa kilimo na wa uhasibu. Ufinyu huo haukomei kwenye kamusi, kwa sababu mahali ambapo jina halitenganishi hatua, ratiba nayo haizitenganishi, na anayelipia kosa hilo ni mtu aliyekuja kutafuta msaada.

Jina la fani yenyewe linahitaji maelezo kwanza. Kwa wasomaji wengi wa Tanzania, istilahi iliyozoeleka ni ushauri nasaha, iliyoenea sana kupitia huduma za upimaji wa virusi vya UKIMWI, ambako mtu alipewa ushauri nasaha kabla ya kupimwa na baada ya kupata majibu. Istilahi hiyo ina maneno mawili yenye maana inayokaribiana mno, kwa kuwa nasaha ni mawaidha na ushauri ni maoni anayopewa mtu ili afanye jambo fulani, na yote mawili humweka mtoaji katika nafasi ya kusema na mpokeaji katika nafasi ya kusikia. Taaluma inayofundishwa vyuoni hutaka karibu kinyume chake, yaani mtaalamu asikilize zaidi ya anavyosema na amsaidie mteja kuyaona mambo yake mwenyewe hadi afikie uamuzi wake. Unasihi umetoka katika mzizi uleule wa nasaha, lakini kwa kuwa si neno la mazungumzo ya kila siku, unaweza kubeba maana hiyo mpya bila kuvutwa sana na mazoea ya kuwaidhi, na kwa sababu hiyo ndio unaotumika hapa, pamoja na mnasihi kwa mtoa huduma na mteja kwa anayehudumiwa.

Praktikamu ni neno la asili ya Kilatini na Kigiriki linalohusu kutenda, na liliingia katika Kiingereza cha vyuo kupitia Kijerumani. Intanishipu ina historia ya kupendeza zaidi, kwani imetokana na neno la Kifaransa lililomtaja daktari kijana aliyeishi ndani ya hospitali, desturi iliyowekewa utaratibu rasmi mjini Paris mwanzoni mwa karne ya 19. Katika neno la kwanza mkazo uko kwenye kutenda, na katika la pili uko kwenye kuwa mtu wa ndani. Tofauti hiyo ndiyo inayopotea katika tafsiri, kwa maana mwanafunzi wa praktikamu ni mgeni anayejaribu mkono wake kwa saa chache chini ya uangalizi wa karibu, na mwanafunzi wa intanishipu ni sehemu ya kituo, mwenye wateja wake, zamu zake, mafaili yake na kiti chake katika vikao vya wafanyakazi.

Viwango vya Marekani vinavyosimamiwa na CACREP, baraza la ithibati la programu za unasihi lililoanzishwa mwaka 1981, huonyesha tofauti hiyo kwa hesabu. Praktikamu huhitaji saa zisizopungua 100, ambazo 40 kati yake ni za kukaa na wateja ana kwa ana, na intanishipu huhitaji saa 600, ambazo 240 kati yake ni za namna hiyo. Katika hatua zote mbili mwanafunzi hupata kwa wastani saa moja kila wiki ya kukaa na msimamizi wake, akiwa peke yake au na mwenzake mmoja, na saa moja na nusu ya usimamizi wa kikundi. Vyuo vya Afrika Mashariki havifungwi na baraza hilo, na Kenya ina sheria yake ya wanasihi na wanasaikolojia ya mwaka 2014, lakini hesabu hizo zinafaa kutumiwa kama kipimo cha kuonea ukubwa wa kazi. Mwanafunzi anayefanya kazi saa 20 kwa wiki huhitaji wiki 30 kutimiza saa 600, na ili afikishe saa 240 za ana kwa ana katika wiki hizo hana budi kuwaona wateja kwa saa nane kila wiki bila kukosa. Mpango unaotenga wiki nane za likizo kwa ajili ya fildi unaweza kubeba mazoezi ya awali, lakini hauwezi kubeba hatua ya pili hata ukikazwa namna gani.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa hatua hizo mbili, na kazi iliyobaki ni kuyapanga. Kwa hatua ya kwanza neno linalofaa ni mazoezi, kama walimu walivyokuwa na wanavyoendelea kuwa na mazoezi ya kufundisha, kwa sababu zoezi linatokana na kuzoea, na anachofanya mwanafunzi katika saa 100 za kwanza ni kuuzoea ukimya wa chumba, kuyazoea machozi ya mtu asiye ndugu yake, na kuizoea sauti yake mwenyewe anaposikiliza kinasa sauti pamoja na msimamizi. Kwa hatua ya pili, Kiswahili cha hospitali kimekwisha kutoa neno. Daktari aliyemaliza shahada yake lakini hajapata usajili kamili huitwa daktari tarajali, na mwaka anaoutumikia hospitalini huitwa mafunzo tarajali, neno ambalo ndani yake sikio la Mswahili husikia kutaraji, na kutoka hapo tunapata utarajali kwa hatua hiyo na mtarajali kwa anayeipitia. Uanagenzi, ambao serikali ya Tanzania huutumia kwa mafunzo ya ufundi yanayotolewa mahali pa kazi, ni neno zuri na la zamani, lakini ni afadhali liachiwe mafundi wanaolitumia tayari.

Pana tahadhari moja inayopaswa kusemwa waziwazi. Daktari tarajali wa Tanzania ni mhitimu, na matumizi ya utarajali katika programu za ajira kwa vijana nayo humlenga mhitimu, ilhali mtarajali wa unasihi anayezungumziwa hapa bado ni mwanafunzi ambaye shahada yake haijatolewa. Mkuu wa kituo anayesikia kwamba analetewa mtarajali anaweza kudhani ameletewa mtumishi, akamkabidhi kazi ya mtu aliyekamilika na kumwacha peke yake. Kwa hiyo barua ya utambulisho haina budi kueleza kwamba huyu ni mwanafunzi mtarajali, na kumtaja kwa jina msimamizi wake wa kituoni na yule wa chuoni.

Dhana ya kuanza na mzigo mdogo, ambayo ndiyo sababu ya kutenganisha hatua hizo mbili, si ngeni katika nchi ya Unyamwezi, yaani eneo la Tabora linalotumiwa hapa kama mfano. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, aliandika kwamba Wanyamwezi waliuona upagazi kuwa kipimo cha uanaume, na kwamba mtoto wa miaka sita au saba alianza kubeba pembe ndogo ya ndovu begani. Mtu mzima alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, karibu kilo 32, kwa safari ya miezi kati ya bara na pwani, na hakuna aliyemtwika mtoto mzigo huo siku ya kwanza. Mazoezi ya unasihi ni ile pembe ndogo: wateja wachache, wenye shida ambazo msimamizi amekwisha kuzipima, na ambao wameambiwa mapema kwamba anayewasikiliza ni mwanafunzi.

Njia hiyohiyo ya misafara ya wapagazi inatoa mwanga juu ya istilahi ya tatu, ambayo kwayo Kiswahili kinakizidi Kiingereza kwa uzuri. Kile ambacho Kiingereza hukiita kwa neno la kuweka kitu mahali pake, Kiswahili hukiita kupangiwa kituo, na kituo ni mahali pa kutua, pale msafiri anaposhusha mzigo kutoka kichwani au begani. Tabora ilikuwa kituo kwa maana hiyo kamili, kwa kuwa misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapo, wapagazi wengine wakamaliza mkataba, wengine wakaajiriwa, na njia zikagawanyika kwenda Ujiji upande wa magharibi na Karagwe na Buganda upande wa kaskazini. Katika unasihi neno hilo lina maana maradufu, maana mwanafunzi hupangiwa mahali pa kutua yeye, lakini mahali hapo pamewekwa ili mteja atue. Kituo ambacho mteja hana pa kuushusha mzigo wake, kwa mfano chumba chenye ukuta wa mbao usiozuia sauti au meza iliyo kwenye varanda ya wanaosubiri dawa, hakistahili jina hilo, hata kama kimekubali kupokea wanafunzi kumi.

Mratibu wa programu ya uzamili anayeitazama Tabora kwa macho hayo ataona mji wenye uwezo mkubwa. Ipo hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete; zipo shule za bweni za serikali, zikiwamo ya wavulana ya Tabora, alikosoma Julius Nyerere, na ile ya wasichana; kipo chuo kikuu kinachobeba jina la Askofu Mkuu Mihayo; ipo seminari kuu ya Kipalapala; na nje ya mji yapo makazi ya Ulyankulu, yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Mahali hapo hapafanani, na mpango usiotenganisha hatua mbili hushindwa kuona nani aende wapi. Mwanafunzi wa mazoezi anafaa kupelekwa mahali ambapo msimamizi yuko umbali wa mlango mmoja, yaani mjini, wakati mtarajali anaweza kwenda Urambo au Nzega mradi njia ya kuonana na msimamizi kila wiki, iwe kwa safari au kwa simu ya faragha, imekwisha kupatikana kabla hajaondoka. Mmisionari na mpelelezi Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, kuanzia Februari hadi Agosti 1872 akingojea wapagazi kutoka pwani. Muhula wa mwanafunzi hauna nafasi ya kungoja kwa namna hiyo, na kituo kisicho na msimamizi siku ya kwanza hakijawa kituo.

Kalenda nayo hudai uangalifu. Shule hufungwa Juni na Desemba, na mtarajali aliyepangwa shuleni katika miezi hiyo atakuta mabweni matupu, ilhali wiki zinazotangulia mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei na wa kidato cha nne mwezi Novemba huwa na wanafunzi wengi wanaohitaji kusikilizwa. Mvua za Tabora ni za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo mkulima wa tumbaku na mahindi hawezi kuliacha shamba kila Jumatano ili aje kwenye kikao, kwa hiyo saa nane za wiki zilizohesabiwa ofisini huenda zikawa tatu. Mpango wenye busara huanzia kwenye mashamba na mihula ya mahali husika, kisha ndipo hurudi kwenye kanuni za chuo.

Umri na lugha pia huleta ugumu. Mwanafunzi wa miaka 26 anayempokea mteja wa miaka 60 huanza kwa shikamoo, na inapasa aanze hivyo, lakini salamu hiyo humweka mahali pa mtoto, na mtoto hamwulizi mzee habari za ndoa yake. Mazoezi ni wakati wa kujifunza jinsi ya kubaki na adabu na bado kuuliza, jambo ambalo halifundishiki darasani. Mteja anayelia kwa Kinyamwezi au Kirundi naye huhitaji mnasihi anayeielewa lugha hiyo, kwa sababu mkalimani aliyechukuliwa jirani ni sikio la tatu chumbani, na katika mji ambao watu wanafahamiana, sikio la tatu hutosha kuvunja siri. Lugha za mwanafunzi zinastahili kuandikwa kwenye fomu ya kupangiwa kituo kando ya alama zake za darasani.

Kuhusu msimamizi, neno lake la zamani la Kiswahili, mnyapara, linabeba kumbukumbu mbili. Mnyapara wa msafara alikuwa mkubwa wa wapagazi, na baadaye jina lake likahamia kwa msimamizi wa vibarua na wa wafungwa, kwa hiyo usimamizi ukitajwa, wengi hufikiria kukaguliwa na kukemewa. Usimamizi wa unasihi ni kikao ambacho mwanafunzi huleta kazi yake, hasa pale alipokosea, na huhakikishiwa kwamba kosa lililosemwa litamfundisha kabla ya kumshusha alama. Mwanafunzi anayemwogopa msimamizi wake huficha makosa, na makosa hayo hubaki kwa mteja. Ikiwa kikao kinarekodiwa, ridhaa ya mteja hutakiwa iwe ya maandishi, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, sauti hiyo ni taarifa binafsi ambayo chuo hutakiwa kuilinda, kwa hiyo haifai kuachwa kwenye simu ya mwanafunzi.

Jambo la mwisho katika mpango, ambalo husahaulika kwa sababu hutokea wakati mwanafunzi anafunga mizigo, ni kukabidhi. Mtarajali ana tarehe ya kuondoka, na mteja aliyemzoea kwa miezi saba hana. Kwa hiyo tarehe hiyo hutajwa kwa mteja katika kikao cha kwanza kabisa, hurudiwa inapokaribia, na wiki nne za mwisho hazipokei mteja mpya, bali hutumika kumaliza yanayoweza kumalizika na kumkutanisha mteja na mnasihi anayebaki, wote watatu wakiwa chumba kimoja, ili mzigo upokewe na mikono ambayo mwenyewe ameiona.