Basi la Léopoldville lililotembea kwa flaiwili

Ukipita Nyarugusu au Rwamagasa, mkoani Geita, bado utasikia karasha zikisaga mawe kwa injini za dizeli zenye flaiwili ubavuni, gurudumu zito la chuma linalotunza nguvu kwa kuzunguka. Umeme unavyozidi kufika machimboni, mota zinachukua nafasi ya injini hizo, na flaiwili inaonekana chuma cha wazee. Wachache wanajua kwamba miaka 70 iliyopita, nchi jirani tu, chuma cha namna hiyo kiliendesha basi la umeme.

Basi hilo, jairobasi, lilibuniwa na kampuni ya Oerlikon ya Uswisi miaka ya 1940. Lilibeba flaiwili ya takriban tani 1.5, ikizunguka hadi mara 3,000 kwa dakika. Kituoni, nondo tatu za juu ya paa ziligusa nguzo ya umeme na mota ikaisokota flaiwili. Basi likiondoka, mota ileile iligeuka jenereta na kulisha mota ya magurudumu. Hakuna betri, hakuna nyaya juu ya barabara. Yverdon, Uswisi, walianza nalo 1953. Ghent, Ubelgiji, 1956.

Katikati ya hapo, mwaka 1955, lilifika Léopoldville, Kinshasa ya leo: mabasi 12, njia 4, vituo vya kuchajia kila kilomita 2 hivi. Yalikuwa makubwa kuliko ya Ulaya, tani 10.9, abiria hadi 90.

Halafu ikaja lawama. Simulizi inayorudiwa mpaka leo ni kwamba madereva walikatiza njia za udongo, mvua ikinyesha zikawa tope, mabasi yakachakaa. Dereva mwenyewe hapewi nafasi ya kujibu. Aliyewahi kukwama kwenye udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga wakati wa masika atauliza kwanza nani alileta mzigo ule Kongo bila kupiga hesabu ya mvua. Beringi za flaiwili zilivunjika. Unyevu wa hewa ulizielemea mota, na unyevu hauna dereva. Kilichoyamaliza hasa ni bili: yuniti 3.4 za umeme kwa kila kilomita, zaidi ya maradufu ya basi la umeme la sasa. Mwaka 1959 yakasimamishwa, dizeli ikarudi.

Baadaye flaiwili imepata kazi nyingine. Huko Marsabit, Kenya, kampuni ya ABB ilipewa kazi ya kufunga flaiwili ya kilowati 500 ya kutuliza umeme wa upepo. Geita nayo ina Maonesho ya Teknolojia ya Madini kila mwaka. Banda moja lingetosha kuweka flaiwili kuukuu ya karasha na picha ya basi la Léopoldville, kabla muuza magari ya umeme hajatuambia Afrika ndiyo kwanza inaanza.