Bastola na Mipaka ya Majimbo: Tarehe ya Sheria za Silaha katika Marekani

Mjini Tombstone, katika nchi kame ya Arizona iliyokuwa haijapata bado daraja ya jimbo, baraza la mji lilipitisha mwezi wa Aprili 1881 Amri ya Tisa, iliyomkataza kila mtu kuchukua silaha ya kuua ndani ya mji. Na mgeni aliyeingia kutoka mashambani alitakiwa aiweke bastola yake amana mara afikapo, naye aichukue tena siku ya kuondoka. Asubuhi ya tarehe 26 Oktoba ya mwaka huo huo mchunga ng'ombe mmoja, Ike Clanton, alipelekwa mbele ya hakimu akatozwa faini ya dola 25 kwa kuivunja amri hiyo. Na alasiri yake Virgil Earp, mkuu wa askari wa mji, akifuatana na ndugu zake Wyatt na Morgan na sahibu yao Doc Holliday, aliwaendea wenzake Clanton ili awanyang'anye silaha. Katika muda wa nusu dakika hivi wakafa watu watatu, naye Ike, aliyekuwa chanzo cha fitina yote, akakimbia akasalimika. Sinema zimelisimulia tukio hilo mara nyingi mno, walakini watazamaji wachache hukumbuka kwamba kilichowapeleka wale askari mahali pale ni sheria ya kuzuia silaha. Leo, katika mji huo huo, mtu aliyetimiza miaka 21, ambaye sheria haikumwondolea haki hiyo kwa sababu ya jinai au mfano wake, aweza kutembea na bastola kiunoni au chini ya koti pasipo kuomba ruhusa ya mtu yeyote, kwa kuwa Arizona ililiondoa sharti la leseni mwaka 2010.

Wengi wetu, tunaposikia habari za bunduki za Marekani, huitazama nchi ile kana kwamba ina sheria moja, na wanaojua kuwa majimbo hutofautiana hudhani kwamba ukali ulizaliwa katika miji ya Kaskazini na uhuru ulizaliwa Kusini na Magharibi, na kwamba hali imekuwa hivyo tangu enzi. Kumbukumbu za mabaraza na hukumu za mahakama zashuhudia kinyume, na tena zashuhudia jambo zito zaidi, nalo ni kwamba mara nyingi aliyeitunga sheria ya silaha alikuwa na sura ya mtu fulani akilini mwake kabla hajaandika neno la kwanza.

Marekani ni shirikisho la majimbo 50, na kila jimbo lina katiba yake, baraza lake la kutunga sheria na mahakama zake. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya shirikisho, yaliyothibitishwa tarehe 15 Desemba 1791, hutaja jeshi la wananchi lenye nidhamu na haki ya watu ya kuwa na silaha na kuzichukua. Ila kwa muda wa karne mbili mahakama ziliyafahamu kuwa yaifunga serikali ya Washington peke yake. Ilikuwa mwaka 2008 tu, katika shauri la Heller, ambapo Mahakama ya Juu iliamua kuwa haki hiyo ni ya mtu binafsi kwa ajili ya kujilinda nyumbani mwake, na mwaka 2010, katika shauri la McDonald dhidi ya mji wa Chicago, ikaamua kuwa majimbo nayo hayana budi kuiheshimu. Kwa zamani yote iliyotangulia kila jimbo lilishika njia yake.

Njia ya Kentucky yafaa kutazamwa kwa karibu. Mwaka 1813 jimbo hilo, na Louisiana pamoja nalo, lilikataza kuficha mwilini bastola, jambia, au upanga uliotiwa ndani ya bakora, isipokuwa kwa aliye safarini. Mtu mmoja aitwaye Bliss alishikwa na bakora ya namna hiyo, akatozwa dola 100, akakata rufani. Na mwaka 1822 mahakama ikaibatilisha sheria kwa hoja kwamba katiba ya jimbo haikuruhusu haki ya raia ipunguzwe hata kidogo. Wananchi wa Kentucky hawakuridhika na jawabu hilo, na walipoandika katiba mpya mwaka 1850 walitia humo kifungu kinacholipa baraza uwezo wa kukataza silaha zilizofichwa. Fikira ya watu wa siku hizo ilikuwa nyepesi kufahamika: muungwana huiweka silaha yake wazi ili kila mmoja ajihadhari naye, na anayeificha amekusudia hila. Siku zetu hizi fikira hiyo imegeuka juu chini katika majimbo kadha wa kadha, hata Florida, ilipofungua mlango wa leseni za bastola za kufichwa mwaka 1987, ilikataza mwaka huo huo kuzichukua hadharani, kwa hofu ya taharuki madukani na barabarani.

Texas, ambayo jina lake limekuwa kama alama ya bunduki ulimwenguni, ilipiga marufuku mwaka 1871 kuchukua bastola nje ya nyumba na shamba la mtu, isipokuwa kwa msafiri na kwa aliye na sababu ya kuogopa shambulio la karibu, na marufuku hayo yalidumu, kwa sura hii au ile, zaidi ya miaka 120. Kilichoyaondoa ni msiba. Tarehe 16 Oktoba 1991, mjini Killeen, mtu mmoja aliingia kwa gari ndani ya mkahawa, akawaua kwa risasi watu 23. Miongoni mwa waliookoka alikuwamo daktari Suzanna Hupp, aliyewapoteza baba na mama yake katika mauaji hayo, na ambaye bastola yake mwenyewe ilikuwa garini, kwa kuwa aliitii sheria. Ushahidi alioutoa baadaye mbele ya mabaraza mengi uliwaliza watu, nami siwezi kuusoma bila kuguswa, ijapokuwa siafikiani na kila alilolitaka. Mwaka 1993 Gavana Ann Richards aliukataa mswada wa kuitisha kura ya maoni juu ya leseni za bastola za kufichwa. Mwaka 1995 George W. Bush, aliyempokea kiti, akautia sahihi mswada wa leseni. Na tangu tarehe 1 Septemba 2021 hata leseni yenyewe si ya lazima tena kwa mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria.

Hata hivyo, ule mlango ambao Texas iliufunga mwaka 1871 haukufungwa kwa watu wote kwa nguvu moja, na hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha tarehe hii. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865 na watumwa wakaachwa huru, baraza la Mississippi lilipitisha mwaka huo huo sheria iliyotamka waziwazi kwamba mtu mweusi asiyekuwa askari wa serikali, na asiye na leseni ya wakubwa wa wilaya yake, asithubutu kuweka wala kuchukua bunduki, risasi au kisu kikubwa. Marekebisho ya Kumi na Nne ya Katiba, ya mwaka 1868, yalizifanya sheria zenye maneno kama hayo zisiweze kusimama. Ndipo watunga sheria wa Kusini walipojifunza kuandika bila kutaja rangi. Tennessee ilikataza mwaka 1879 kuchukua bastola za namna yoyote ila zile za jeshi, na bastola za jeshi zilikuwa ghali kupita uwezo wa mkulima aliyetoka utumwani. Florida, mwaka 1893, ilimtaka mwenye bunduki ya kufyatua mfululizo apate leseni kwa makamishna wa wilaya na kuweka dhamana ya dola 100, kisha mwaka 1901 ikaziingiza bastola katika sharti hilo. Maneno ya sheria hiyo hayakumtaja mtu mweusi popote. Ila mwaka 1941, katika shauri la Watson dhidi ya Stone, jaji mmoja wa mahakama ya juu ya jimbo hilo, Rivers Buford, aliandika katika hukumu yake kwamba sheria ilitungwa kwa kusudi la kuwanyang'anya silaha vibarua weusi, na kwamba wazungu hawakukusudiwa nayo wala haikutumika juu yao. Ni nadra sana kwa dhuluma kuandikiwa hati ya ukiri na jaji aliyekuwa kitini.

Miaka 15 baadaye, mjini Montgomery katika Alabama, mchungaji kijana Martin Luther King, ambaye nyumba yake ilikuwa imetupiwa bomu mkewe na mtoto wake mchanga wakiwamo ndani, aliomba leseni ya kuchukua bastola. Alinyimwa. Sheria ya Alabama iliwaachia wakubwa wa mahali wapime wenyewe ni nani anayefaa, nao walipima.

Kaskazini hali haikuwa safi kama wengi wapendavyo kuamini. Mwezi wa Januari 1911, karibu na bustani ya Gramercy mjini New York, mwandishi wa riwaya David Graham Phillips alipigwa risasi na mtu aliyeamini kwamba riwaya zake zimeikashifu familia yake. Muuaji akajiua papo hapo, na Phillips akafa siku ya pili. Seneta wa jimbo Timothy Sullivan, bwana mkubwa wa siasa katika mitaa ya wahamiaji, aliichukua ghadhabu ya watu akaipeleka barazani, na mwaka huo huo ikapatikana Sheria ya Sullivan: kuweka bastola hata nyumbani kulihitaji leseni, na kuichukua njiani bila leseni kukawa jinai kubwa. Hapana shaka kwamba mauaji ya bastola yalikuwa yakiwatisha watu wa mji, na waliodai sheria hiyo walikuwa na sababu. Lakini magazeti ya siku zile yaliwataja Waitalia kwa majina ya kuwadhalilisha, na Waitalia walikuwamo katika wa mwanzo kuhisi uzito wake. Tangu mwaka 1913 muombaji alitakiwa kuonyesha sababu ya kutosha, na utoshelevu wa sababu ukaachwa mikononi mwa ofisa wa leseni. Matokeo yake, tajiri mwenye jina aliweza kupata, ilhali mwenye duka katika mtaa wa hatari aliweza kukataliwa.

California nayo ilikuwa jimbo ambamo mtu aliruhusiwa kuchukua bunduki iliyojaa risasi wazi barabarani, mpaka vijana weusi wa Oakland, waliojiita Black Panthers, walipoanza kuzifuata gari za polisi wakiwa na bunduki ili waangalie jinsi watu wao wanavyokamatwa. Mbunge Don Mulford alileta mswada wa kukataza jambo hilo. Tarehe 2 Mei 1967 watu 30 hivi wa chama hicho walikwenda na silaha zao hadi ndani ya jengo la baraza mjini Sacramento kuupinga. Na kabla mwaka haujaisha Gavana Ronald Reagan, ambaye baadaye angesifiwa kuwa rafiki mkubwa wa wenye bunduki, aliutia sahihi ukawa sheria.

Mimi naamini kwamba jamii ina haki, na hata wajibu, ya kuzuia silaha zisizagae sokoni na mashuleni, na baraza la Tombstone sioni la kulilaumu. Ninachokilaani ni sheria iliyoacha jawabu la ndiyo au siyo lipatikane machoni mwa ofisa mmoja, kwa kuwa katika kila jimbo nililolitaja lenye sheria kama hiyo macho hayo yaliona rangi, lafudhi na mfuko wa muombaji kabla ya kuiona hatari iliyomkabili. Jambo la kusikitisha ni kwamba wapinzani wa vizuizi vyote wameichukua tarehe hii ya huzuni wakaifanya hoja ya kubomoa hata vizuizi vilivyo vya haki, kama uchunguzi wa jinai za zamani na mafunzo ya kutumia silaha, ambavyo humpima kila mtu kwa kipimo kimoja.

Mfano wa Florida wa mwaka 1987, uliomlazimisha ofisa kutoa leseni kwa kila aliyetimiza masharti, ulienea jimbo hata jimbo, na Illinois ikawa ya mwisho kuruhusu silaha za kufichwa, mwaka 2013, tena kwa kusukumwa na mahakama ya shirikisho. Vermont haikuwahi kudai leseni tangu kuasisiwa kwake. Alaska ikaifuata mwaka 2003, na kufikia 2024 majimbo 29 yalikuwa yameliondoa sharti hilo. Tarehe 23 Juni 2022, katika shauri la Bruen, Mahakama ya Juu iliibatilisha ile sababu ya kutosha ya New York, na kwa hukumu hiyo ikayagusa majimbo mengine matano yaliyokuwa na kanuni kama hiyo, yakiwamo California na New Jersey. New York ilijibu kwa sheria mpya yenye kudai saa 16 za darasani na saa 2 za kulenga shabaha, na kukataza bastola katika reli za mji, mashuleni na uwanja wa Times Square.

Katika kununua, tofauti ni kubwa vile vile. California humfanya mnunuzi angoje siku 10, na hutaka hata mauzo kati ya mtu na mtu yapite kwa muuzaji mwenye leseni. Hawaii hutaka kila bunduki iandikishwe polisi. Illinois, tangu 1968, hutaka kitambulisho maalumu kwa mwenye silaha. Nayo Texas haidai lolote katika hayo. Jamaa zetu wasemao Kiswahili waliohamia Texas au Kentucky yawapasa pia wajue kwamba juu ya sheria za majimbo ipo ya shirikisho: mwenye ukazi wa kudumu aweza kumiliki silaha, lakini aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo mathalani, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa kwa vibali vichache kama cha uwindaji.

Na leseni ya jimbo moja hailazimu kutambuliwa na jingine. Daraja la Benjamin Franklin laanzia Philadelphia, katika Pennsylvania, na kuishia Camden, katika New Jersey, na mtu huuvuka mto Delaware juu yake kwa dakika chache. Lakini New Jersey haitambui leseni ya kuchukua bastola iliyotolewa na jimbo lolote jingine, na mtu asiye na hatia upande mmoja wa daraja aweza kufungwa miaka kadhaa upande wa pili kwa bastola ile ile. Desemba 2017 baraza la chini la Bunge la Marekani lilipitisha mswada wa kuyalazimisha majimbo yatambue leseni za wenzao, wala Seneti haikuupitisha. Kwa hiyo mwenye leseni ya Pennsylvania anayetaka kutembea Camden na bastola yake hana budi kuomba leseni nyingine kwa polisi wa jimbo la New Jersey. Na yule apitaye tu kuelekea jimbo jingine linalomruhusu hulindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1986, alimradi bastola haina risasi na imefungiwa katika buti la gari asiloweza kulifikia akiwa kitini.