Mlingoti wa Konstantynów: Mita 646 Kulifuata Wimbi

Mwaka 1974 kitu kirefu kuliko vyote vilivyowahi kujengwa na binadamu kilikuwa Poland, tena si ghorofa wala mnara wa watalii. Kilikuwa mlingoti wa redio wenye pembe tatu, katikati ya mashamba ya Konstantynów karibu na mji wa Gąbin. Ulifika mita 646, karibu mara mbili ya Mnara wa Eiffel.

Yalikuwa majigambo? Kidogo, maana serikali ya Kikomunisti ilianza matangazo hapo tarehe 22 Julai, sikukuu ya taifa. Lakini aliyedai urefu huo hasa ni wimbi lenyewe. Idhaa ya kwanza ya redio ya taifa ilirushwa kwa mawimbi marefu, kilohezi 227, ambapo wimbi moja lina zaidi ya mita 1,300. Antena inayokaribia nusu ya wimbi husukuma nguvu nyingi kandokando ya ardhi badala ya kuipoteza angani. Kwa hiyo mlingoti haukubeba antena. Wenyewe ndio uliokuwa antena. Chuma chote, takriban tani 420, kilisimama juu ya kihami na kupitisha nguvu ya mitambo miwili ya kilowati 1,000 kila mmoja. Warsaw ikasikika mbali sana barani Ulaya.

Kitu chembamba kiasi hicho hakisimami peke yake. Kilishikiliwa na kamba nene za chuma zilizofungwa katika ngazi tano, na hapo ndipo maradhi yalipoanzia. Upepo ulizichosha, ikabidi zibadilishwe. Jioni ya tarehe 8 Agosti 1991, mafundi wakiwa kwenye kamba za ngazi ya juu kabisa, upepo mkali ukavuma. Mlingoti ukapinda, ukakatika, ukaporomoka.

Hakufa mtu.

Rekodi ikarudi Marekani, kwa mlingoti wa televisheni wa North Dakota. Urefu wa Konstantynów haukupitwa hadi mwaka 2008, Burj Khalifa ya Dubai ilipokuwa bado inajengwa.

Redio ya Poland ilirudi kwenye mlingoti wake wa zamani wa Raszyn, wa mita 335. Serikali ilitaka kujenga tena palepale Konstantynów, lakini wakazi wakakataa, wakihofia afya zao. Mwaka 1999 kituo kipya kikafunguliwa Solec Kujawski: milingoti miwili, mmoja wa mita 330 na mwingine 289, ikifanya kazi kwa pamoja kwa nguvu ya kilowati 1,000.