Ukuzaji wa nematodi wa migomba katika maabara

Ukuzaji wa nematodi wa migomba ni kazi ya kuzalisha maabarani minyoo wadogo wanaokula mizizi ya mgomba, kwa kawaida juu ya vipande vya karoti vilivyotakaswa, ili wapatikane kwa wingi, wakiwa hai na wa spishi moja tu, kwa ajili ya majaribio. Haja yake inaonekana vizuri kwenye vihamba vya Kilimanjaro, ambako mgomba, mbuni na miti ya kivuli huishi pamoja katika shamba moja la ukoo. Upepo na mvua za masika zikija, migomba yenye mikungu mizito hung'oka na kulala chini na mizizi yake. Mara nyingi lawama humwendea fukusi, kwa sababu matundu yake kwenye tunguu yanaonekana kwa macho. Mnyoo wa mizizi haonekani, na bila kumkuza pembeni ni vigumu kujua yeye peke yake anafanya uharibifu kiasi gani.

Jike la nematodi mchimbaji, Radopholus similis, lina urefu wa takriban milimita 0.7. Mdomoni ana sindano ngumu anayochomea seli za gamba la mzizi na kufyonza yaliyomo. Akimaliza seli moja huingia nyingine, akiacha nyuma yake njia ya tishu iliyokufa. Mzizi ukipasuliwa kwa urefu, gamba huonekana lina michirizi ya rangi nyekundu inayoelekea kahawia, ilhali kiini cha kati bado ni cheupe. Mizizi ya namna hiyo ndiyo ya kubebwa kwenda maabara, wala si ile iliyokwisha kuoza na kuwa nyeusi, kwa maana mnyoo huhama mahali chakula kilipokwisha. Dume ana sindano dhaifu na hali chakula, kwa hiyo madhara yote ni ya jike na watoto.

Spishi mbili ndizo zenye uzito zaidi katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Radopholus similis alielezwa na Nathan Cobb mwaka 1893 kutokana na migomba ya Fiji. Asili yake inaaminika kuwa upande wa Australia na visiwa vilivyo karibu nayo, na alienea duniani akiwa ndani ya machipukizi yaliyobebwa na watu. Wa pili, Pratylenchus goodeyi, alipewa jina na Sher na Allen mwaka 1953, naye huaminika kuwa mwenyeji wa Afrika. Wa kwanza hutaka joto, wa pili huvumilia baridi. Kuanzia mwinuko wa meta 1,300 hivi kwenda juu Radopholus hupungua sana, na Pratylenchus hutawala.

Mpaka huo hupita ndani ya ukanda wa vihamba, unaoanzia karibu meta 900 na kupanda hadi takriban meta 1,800. Joto la hewa hushuka kwa karibu nyuzi 0.6 kila mtu apandapo meta 100. Hivyo mizizi iliyochimbwa karibu na mji wa Moshi na ile iliyochimbwa juu ya Marangu au Kibosho, hata ikiwa yote ni ya migomba ya aina ya mchare, inaweza kuleta maabara viumbe wawili wasiofanana kwa mahitaji. Sampuli isiyoandikwa mwinuko ilikotoka imepoteza nusu ya faida yake kabla haijafunguliwa.

Radopholus hashambulii migomba peke yake. Katika jimbo la Kerala nchini India huharibu pia mizizi ya minazi na mipopoo, na walio katika minazi hukuzwa kwa karoti vilevile. Si minyoo wote wa jamii ya minazi wanaokubali hivyo. Bursaphelenchus cocophilus, anayesababisha ugonjwa wa pete nyekundu katika visiwa vya Karibi na Amerika ya Kusini na ya Kati, na ambaye hajulikani kuwapo Afrika, hataki karoti wala kuvu. Ndugu yake wa misonobari, Bursaphelenchus xylophilus, hustawi vizuri juu ya kuvu kwenye sahani, lakini huyu wa minazi hutaka tishu ya mnazi wenyewe. Minyoo fundo wa jenasi Meloidogyne nao wana sharti lao: jike hujenga seli kubwa za kulishia karibu na mishipa ya mzizi ulio hai, kwa hiyo hutunzwa katika vyungu vya minyanya.

Karoti ilijulikana kwa kazi hii kutokana na makala ya O'Bannon na Taylor ya mwaka 1968. Ni chakula kinene na laini, ni rahisi kupatikana, na sehemu yake ya ndani haina vijidudu ikiwa mzizi ni mzima. Huchaguliwa karoti mbichi, imara, isiyo na ufa. Huoshwa, huchovywa katika ethanoli ya asilimia 95, hupitishwa kwenye moto hadi spiriti iishe kuungua, kisha humenywa kwa kisu kilichochomwa. Kuchovya, kuchoma na kumenya hurudiwa. Ndipo hukatwa vipande vya mviringo vyenye unene wa milimita 3 hadi 5, kila kimoja katika sahani yake ndogo ya petri. Vipande huachwa siku chache bila mnyoo wowote. Kinachoota ukungu hutupwa. Subira hii fupi huokoa majuma ya kazi.

Minyoo hutolewa katika mizizi kwa kanuni iliyobuniwa na Gustav Baermann, daktari aliyefanya kazi Sumatra, ambaye mwaka 1917 alitafuta njia ya kupata lava wa safura kutoka kwenye udongo. Mizizi hukatwakatwa, husagwa kwa sekunde chache katika blenda, kisha hutandazwa juu ya karatasi shashi iliyowekwa kwenye chujio ndani ya sahani yenye maji kidogo. Walio hai hupenya karatasi wakaingia majini kwa usiku mmoja au mbili. Waliokufa na uchafu hubaki juu. Maji hayo huwa na minyoo wa kila aina, wakiwamo wale wa udongoni wanaokula bakteria. Fundi huketi kwenye hadubini na kuchagua majike ya spishi moja, mmoja mmoja, kwa unyoya mgumu au kipipeti chembamba. Kosa la hapa halirekebishiki baadaye, kwani mgeni mmoja anaweza kuzaana hadi akatawala sahani yote.

Majike huogeshwa katika streptomisini, mara nyingi miligramu 2,000 kwa lita, kwa saa kadhaa, kisha husuuzwa mara tatu au zaidi kwa maji yaliyotakaswa. Takriban 25 huwekwa ukingoni mwa kila kipande. Sahani hufungwa kwa utepe wa nta unaonyumbulika ili karoti isikauke, na kuwekwa gizani katika kabati la joto.

Kabati hilo linapaswa kuiga mahali mlimani ambako mzizi ulichimbwa. Radopholus huwekwa kwenye nyuzijoto 28. Katika joto la namna hiyo mzunguko wake, kutoka yai hadi yai, huchukua siku 20 hadi 25, na jike hutaga wastani wa mayai manne au matano kwa siku kwa majuma mawili hivi. Pratylenchus goodeyi huwekwa kwenye nyuzijoto 20 hadi 25 na huhitaji muda mrefu zaidi. Wakiwekwa wote katika kabati moja la joto kali, mwenyeji wa juu hudhoofika, na mtafiti asiyejua anaweza kudhani kuwa sampuli yake haikuwa na kitu.

Baada ya majuma manne hadi sita karoti hugeuka kahawia, na minyoo huanza kutoka na kupanda kwenye kuta za sahani kama vumbi jeupe linalometameta. Huvunwa kwa kumwagiwa maji yaliyotakaswa na kukusanywa. Sehemu yao huhamishiwa karoti mpya kabla ya ile ya zamani kuoza. Kwa kuwa kizazi kilicholelewa muda mrefu kwenye karoti huweza kutofautiana na kile cha shambani kwa ukali, ni desturi nzuri kukipitisha tena kwenye mgomba mara kwa mara, au kuchimba upya.

Matumizi makubwa ya mavuno ni kupima ukinzani wa aina za ndizi. Miche iliyozalishwa kwa chupa, ambayo haina mnyoo hata mmoja, hupandwa katika vyungu vya udongo uliotakaswa. Ikifikisha majuma manne humwagiwa minyoo 1,000 kila mmoja, na baada ya majuma mengine manane mizizi huhesabiwa majeraha na minyoo. Miche ya Yangambi km5, aina iliyochukua jina la Yangambi nchini Kongo, huwekwa kama kipimo cha ukinzani, kwani huwakinza Radopholus na Pratylenchus goodeyi wote wawili. Vipimo vya namna hii vina maana ya pekee kwa mchare, ambao taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA inauboresha mjini Arusha katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Minyoo waliokuzwa hutumika pia kupima joto la maji linaloua vimelea ndani ya machipukizi yaliyomenywa: dakika 20 katika nyuzijoto 52 hadi 55, au sekunde 30 katika maji yanayochemka, njia ambayo mkulima anaweza kuifanya kwa sufuria ya nyumbani.

Karoti zilizotumika, udongo wa vyungu na maji ya kusuuzia havimwagwi kabla ya kuchemshwa au kupitishwa kwenye mvuke wa shinikizo. Tahadhari hiyo ina uzito zaidi mlimani, kwa kuwa maji yanayomwagwa juu hushuka kwa mifongo, yaani mifereji ya umwagiliaji, kutoka kihamba hadi kihamba.