Siku Ishirini na Moja Langoni

Oktoba 2014, katika mji mdogo wa Maple Shade, jimbo la New Jersey nchini Marekani, watoto wawili waliohamia kutoka Rwanda walikuwa wameandikishwa katika shule ya msingi. Hawakuwahi hata kuketi darasani kabla habari hazijaenea kwamba shule inapokea watoto kutoka Afrika, na wazazi wakaja juu. Mpango wa awali ulikuwa muuguzi wa shule awapime joto mara tatu kwa siku kwa muda wa siku 21. Kelele zilipozidi, wazazi wa watoto hao wakakubali kuwabakiza nyumbani mpaka siku hizo zitimie. Wakati huo Ebola ilikuwa ikiua Guinea, Liberia na Sierra Leone. Rwanda haikuwa na mgonjwa hata mmoja, na kutoka Kigali hadi Monrovia ni zaidi ya kilomita 4,000. Marekani yenyewe ndiyo iliyokuwa na wagonjwa, katika mji wa Dallas, na kutoka Dallas hadi Maple Shade ni takriban nusu tu ya umbali huo. Kwa hesabu ya ramani peke yake, mtoto aliyehamia kutoka Texas alistahili zaidi kuulizwa maswali kuliko mtoto aliyehamia kutoka Kigali.

Kisa hicho kingeweza kupuuzwa kama ujinga wa jiografia wa mji mmoja, lakini kuna zaidi ya hapo. Shule ni mahali ambapo mamia ya watoto hupumua hewa moja, hugusa madawati yaleyale na kurudi nyumba tofauti kila jioni, kwa hiyo swali la nini kifanyike msafiri anapofika langoni ni swali la haki kabisa. Ninachodai ni kwamba lango la shule limewahi kulinda watoto pale tu lilipouliza mambo mahsusi: ulikuwa wapi hasa, siku zipi, ulimhudumia au kumgusa nani, na ugonjwa wenyewe huambukiza kwa njia gani. Lango lililouliza jina la nchi liliwatuliza waliokuwa ndani, na bei ya utulivu huo akatozwa mtoto aliyeachwa nje.

Mwezi huohuo wa Oktoba unatosha kuwa ushahidi. Chuo cha Navarro kilichopo Corsicana, Texas, kiliwaandikia waombaji kutoka Nigeria kwamba hakipokei wanafunzi wa nchi zenye wagonjwa wa Ebola waliothibitishwa, kisha kikaomba radhi. Corsicana iko chini ya kilomita mia moja kutoka Dallas. Huko Louisville, Kentucky, mwalimu wa shule ya Kikatoliki aliyekuwa amekwenda Kenya kwa kazi ya kitume alitakiwa kukaa nyumbani siku 21 na kuleta barua ya daktari. Akaona afadhali aache kazi. Kenya nayo haikuwa na mgonjwa. Huko Milford, Connecticut, mtoto wa miaka saba aliyekwenda Nigeria kwenye harusi alizuiwa kuingia shuleni, na baba yake akafungua kesi katika mahakama ya shirikisho. Pande mbili zilipatana na mtoto akarudi darasani mwishoni mwa mwezi. Wala tusidhani kosa hili ni la Wamarekani peke yao. Rwanda ilitangaza wakati huohuo kwamba wasafiri waliotoka Marekani na Hispania watoe taarifa ya afya zao kila siku kwa siku 21, hatua iliyoondolewa baada ya siku chache. Nchi nzima ikigeuzwa kuwa mgonjwa mmoja, yeyote anaweza kutoa hukumu hiyo, na yeyote anaweza kuangukiwa nayo.

Nigeria inastahili maneno zaidi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikitajwa kwa hofu kubwa huku ikifanya kazi ambayo wengi hawakuitazama. Msafiri aliyetoka Liberia aliingia Lagos kwa ndege tarehe 20 Julai 2014 akiwa tayari anaumwa. Lagos ni jiji la mamilioni, lenye masoko na daladala za kubanana (huko huziita danfo), na kila aliyejua jambo hilo alitarajia maafa. Wahudumu wa afya waliorodhesha watu karibu 900 waliotangamana na wagonjwa, wakaenda kuwaona ana kwa ana, siku baada ya siku, mara zipatazo 18,500. Waliougua wote walikuwa 20 na waliokufa 8. Shule zilicheleweshwa kufunguliwa, kisha zikafunguliwa, na mlipuko ukaisha. Hakuna uzio ulioizunguka Nigeria. Kilichofanyika ni kuuliza majina, anwani na tarehe, na kurudi kesho yake kuuliza tena.

Dallas yenyewe inatoa ushahidi wa aina hiyohiyo. Thomas Eric Duncan alifika huko kutoka Liberia tarehe 20 Septemba, akathibitishwa kuwa na Ebola tarehe 30, akafa tarehe 8 Oktoba. Kati ya waliotangamana naye walikuwamo wanafunzi watano, waliotawanyika katika shule kadhaa za jiji. Wazazi wengine waliwaondoa watoto wao shuleni kwa hofu. Wanafunzi hao watano walibaki nyumbani wakifuatiliwa, na hakuna aliyeugua. Walioambukizwa na Duncan walikuwa wauguzi wawili waliomhudumia hospitalini katika siku zake mbaya kabisa, si watu wa nyumba aliyofikia. Sababu iko katika tabia ya kirusi chenyewe. Huchukua kati ya siku 2 na 21 tangu mtu aambukizwe hadi aanze kuumwa, na kabla hajaanza kuumwa hamwambukizi mwenzake. Hatari huja pamoja na homa, matapishi na damu, na huwa kubwa zaidi kadiri mgonjwa anavyozidiwa. Kumtaka mtoto aliyetangamana na mgonjwa akae nyumbani siku 21 ni uamuzi wenye hoja. Kumtaka hivyo mtoto aliyetoka mahali pasipo na mgonjwa ni kuazima tarakimu ya kisayansi ili kuipamba hofu.

Tena Ebola na shule zina historia ya zamani kuliko 2014. Mgonjwa wa kwanza kujulikana katika mlipuko wa Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire, mwaka 1976, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni aliyerejea kutoka safari ya ukanda wa kaskazini mwezi Agosti. Msimulizi mwenye haraka angeishia hapo: msafiri karudi, kijiji kimeangamia. Lakini uchunguzi ulionyesha kwamba mwalimu yule, aliyedhaniwa ana malaria, alidungwa sindano katika hospitali ya misheni, na hospitali hiyo ilikuwa ikiwagawia wauguzi sindano tano tu kila asubuhi, zikitumika kwa mgonjwa baada ya mgonjwa. Watu 318 waliugua na 280 wakafa. Hospitali ilipofungwa, baada ya wafanyakazi wake wengi kufariki, maambukizi yakapungua. Safari ilileta mgonjwa mmoja, na uhaba wa sindano ukaleta mamia. Anayemtazama msafiri peke yake hataiona sindano, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi katika desturi ya kulinda lango kwa jina la nchi: inachukua macho yote na kuyaelekeza upande mmoja.

Mzazi wa Maple Shade anaweza kujibu, na jibu lake lisidharauliwe. Atasema: kinga ni bora kuliko tiba, na wiki tatu nyumbani hazimuui mtoto. Kama uwezekano ni mmoja katika milioni, kwa nini mwanangu awe ndiye huyo mmoja? Ningekubaliana naye kama kumzuia asiyehusika kungekuwa bure. Kuna hasara ya mtoto anayeanza maisha ugenini kwa kuambiwa kwamba yeye ni uchafu, na kuna hasara nyingine inayomrudia mzazi huyohuyo. Shule hutegemea kuambiwa ukweli. Mama anayejua kwamba akisema “tulikwenda msibani kwao” mtoto atafukuzwa, hatasema. Uganda ilionja jambo hilo mwaka 2022, Ebola ya aina ya Sudan ilipozuka Mubende mwezi Septemba. Mtu mmoja aliyekuwa ametangamana na wagonjwa alitoka Kassanda, jirani na Mubende, akaenda kwa jamaa zake Kampala bila kujulisha wahudumu wa afya, akafa, na watoto wa nyumba ile, wanafunzi wa shule mbalimbali za jiji, wakaambukizwa. Serikali ilifunga shule wiki mbili kabla ya muhula kwisha. Kufikia hapo watoto wanane wa shule walikuwa wamekufa. Mtu yule alikuwa Mganda ndani ya Uganda. Lango lililojengwa kwa pasipoti lingemfungulia njia, ilhali swali la “umetoka kwenye nyumba ya nani, na huyo aliyekufa alikufa kwa nini” lingemzuia, ila kama angeamini kwamba kujibu hakutamponza.

Kuna pingamizi zito zaidi, linalotoka mwaka 1918. Homa ya mafua iliyoua mamilioni duniani ilizikuta Marekani jumuiya chache zilizofunga milango zikapona. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha uchunguzi wa jumuiya saba za namna hiyo, zilizopoteza mtu mmoja au zisizopoteza yeyote katika wimbi kubwa la ugonjwa. Tatu kati ya saba zilikuwa mahali pa masomo: Chuo Kikuu cha Princeton, chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, na shule ya wasioona mjini Pittsburgh. Bryn Mawr iko jirani na Philadelphia, jiji lililofanya gwaride kubwa tarehe 28 Septemba na kuzika zaidi ya watu 12,000 katika majuma yaliyofuata. Kwa hiyo, pingamizi linasema, kufunga lango kunafaa. Mbona unawalaumu waliolifunga?

Siwalaumu kwa kufunga. Nawaomba watazame nani alifungiwa. Jumuiya zile zilijifungia zenyewe kwanza. Mara nyingi mkaazi wa ndani alizuiwa kutoka kama mgeni alivyozuiwa kuingia. Huko Gunnison, mji wa milimani Colorado uliokuwa miongoni mwa jumuiya zile saba, barabara ziliwekwa vizuizi, na abiria yeyote aliyeshuka kwenye treni aliwekwa karantini, awe mgeni au mwenyeji anayerudi kwake. Mzigo ulimwangukia kila mtu, ndiyo maana uliweza kubebeka kwa majuma. Maple Shade haikuwa hivyo: mzigo wote uliwekwa juu ya mabega ya watoto wawili, na wengine wakaendelea na masomo. Isitoshe, watafiti wenyewe walionya kwamba haikuwezekana kutenganisha faida ya lango na bahati, uchache wa watu na umbali. Vyuo vile vilikuwa na mabweni, chakula ndani ya uzio na, kwa Princeton, nidhamu ya kijeshi ya wakati wa vita. Shule ya kutwa haina hata kimoja kati ya hivyo. Mtoto wake hulala kwao, na baba yake hupanda basi.

Atabaki mtu wa kuuliza kuhusu Uviko-19, na hapo hoja yangu inabidi ipanuke. Ugonjwa unaoambukiza kabla ya homa hauwezi kuzuiwa kwa kipimajoto langoni. Mgonjwa wa kwanza Kenya, aliyetangazwa tarehe 13 Machi 2020, alikuwa msafiri kweli, Mkenya aliyerudi kutoka Marekani kupitia London, na siku mbili baadaye amri ya kufunga shule ikatolewa. Kwa siku zile za mwanzo, bila vipimo vya kutosha, sioni la kushutumu. Lakini ugonjwa ulipokwisha kuenea mitaani, swali la nani ametoka nje ya nchi lilikuwa limekufa, na swali la madirisha, nafasi kati ya madawati na maji ya kunawa ndilo lililokuwa hai. Uganda iliendelea kufunga shule, kwa viwango mbalimbali, hadi Januari 2022, na wako wasichana ambao hawakurudi tena darasani. Tabia ya ugonjwa ndiyo inayopasa kuamua swali la langoni, na ugonjwa ukibadilika, au ukiwa tayari umeingia ndani, swali nalo libadilike.

Jumatatu ya tarehe 20 Oktoba 2014 mambo matatu yalitokea kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Nigeria haina tena Ebola. Huko Dallas, siku 21 ziliwaishia wengi kati ya watu 48 wa mwanzo waliotangamana na Duncan, na waliokaa nyumba moja na mgonjwa wakaruhusiwa kurudi kazini na shuleni. Siku hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imepangwa watoto wawili kutoka Rwanda waanze masomo yao Maple Shade. Walibaki nyumbani.