Arusi za Kibati kati ya Noeli na Bonane

KIBATI (Nyiragongo) – Watu wengi husema kwamba arusi za Kibati zinajaa katika juma la kati ya Noeli na Bonane kwa sababu ni sikukuu. Ni kweli, lakini ni nusu tu ya habari.

Kwanza kuna shamba. Maharage yanayopandwa mwezi wa tisa yanaanza kuvunwa mwezi wa kumi na mbili, na mwenye maharage mapya anaweza kuita wageni. Pili kuna maji. Kibati haina mto. Mvua ikinyesha inazama ndani ya mawe meusi ya volkano, na mama wa nyumba anategemea maji aliyokinga kwenye bati, la sivyo anunue kwa bidoni. Arusi ya watu mia moja inameza bidoni nyingi kabla hata wageni hawajanawa mikono. Mwisho wa Desemba mapipa bado yana maji ya mvua, na barabara ya kutoka Goma kwenda Rutshuru inaanza kukauka. Wanafunzi wako likizo. Wenye kazi za mbali wamerudi. Kasiksi iko tayari.

Halafu kuna kanisa, na hapa vijana wengi hawajui habari. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917, iliyofuatwa na Mapadri Weupe katika misioni za Kivu, ilikataza baraka kuu ya arusi tangu Dominika ya kwanza ya Majilio mpaka siku ya Noeli yenyewe. Askofu aliweza kutoa ruhusa kwa sababu nzuri, lakini Mkristu wa kawaida alingoja. Aliyetaka baraka kamili alifunguliwa mlango tarehe 26 Desemba, na Kwaresima ilipofika mlango ukafungwa tena. Sheria mpya ya mwaka 1983 iliacha katazo hilo. Desturi ya kungoja Noeli ipite haikuondoka pamoja nalo, na hata familia za Kiprotestanti, ambazo hazikufungwa na sheria hiyo, hufunga ndoa siku hizohizo.

Hata Mobutu hakuweza kuivunja. Mwaka 1974 serikali ya Zaire iliondoa Noeli katika orodha ya sikukuu za taifa. Tarehe 25 Desemba mwaka ule iliangukia Jumatano, na ilikuwa siku ya kazi kama Jumatano nyingine. Baadaye sikukuu ilirudi.

Vita ndivyo vilivyoweza. Arusi ya hapa inaanza na familia mbili kuketi pamoja na kupatana mahari, na Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 iliweka jambo hilo katika sheria: ndoa haifungwi kama mahari haijatolewa, hata sehemu yake. Sasa fikiria mwisho wa mwaka 2008. Mwezi wa kumi, wapiganaji wa CNDP ya Laurent Nkunda walishuka mpaka karibu na Goma, na Kibati ikawa mpaka kati yao na jeshi la serikali. Watu zaidi ya 60,000 walikuwa wamejazana katika kambi za Kibati, kipindupindu kati yao. Askari walikuwa karibu mno, ndiyo maana HCR ilianza kuhamisha watu kwenda Mugunga. Familia ya kijana ikabaki Kibati, ya msichana ikapelekwa Mugunga, na wajomba walikuwa wamevuka Bunagana kwenda Uganda. Nani aketi na nani? Mbuzi wa mahari walikuwa wameliwa, na si na wenyewe.

Noeli ya 2012 haikuwa bora. M23 iliingia Goma tarehe 20 Novemba na kutoka tarehe 1 Desemba, lakini ilibaki kwenye vilima vya kaskazini mpaka mwisho wa Agosti 2013, jeshi la serikali pamoja na brigedi ya Umoja wa Mataifa ilipoiondoa Kibati. Kisha Nyiragongo yenyewe ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi, saa ambazo watu hukaa kwenye karamu. Mwaka uliofuata kambi zikajaa tena Kanyaruchinya na Kibati.

Katika miaka hiyo yote vijana hawakuacha kupendana. Waliishi pamoja chini ya hema, wakazaa, na ndoa ikasogezwa mpaka "tukirudi kwetu". Wengine walipata baraka ya mchungaji au maneno ya wazee. Sheria inakubali ndoa ya kifamilia, ila inataka iandikishwe kwa leta ndani ya mwezi mmoja. Ofisi ikiwa imekimbiwa na daftari limechomwa, mwezi unapita. Mume akifa, shemeji wanaweza kumwambia mama kwamba shamba si lake, naye hana karatasi ya kuwajibu. Ndipo mtu anaelewa kwamba arusi si kanzu nyeupe na pikipiki zenye maua tu.

Tangu M23 iingie Goma tena tarehe 27 Januari 2025, mambo mawili yameongezeka. Benki zilifunga milango, na mwenye kutafuta pesa za mahari amelazimika kutumia simu au kuvuka mpaka kwenda Gisenyi. La pili ni muhuri. Kinshasa haitambui utawala uliopo Goma, na anayepanga arusi ya mwisho wa mwaka anajiuliza kama karatasi atakayopewa itakubaliwa kesho mbele ya hakimu mwingine.

Jibu halijatolewa. Wakati huo huo kuna kitu ambacho kila familia inaweza kufanya jioni ya mahari, kabla watu hawajaanza kucheza: kuandika kilichotolewa na kilichobaki, tarehe, mahali, majina ya wazee wa pande mbili na sahihi zao au alama za vidole. Karatasi ziwe mbili, kila upande na yake. Ifungwe kwenye plastiki na kuwekwa pamoja na kadi ya uchaguzi, pale ambapo mkono unafika haraka risasi zikilia.